Yatima wa Jana Ndiye Hakimu wa Leo

Somo la robo mwaka kwa kamati za parokia, vigango na wafadhili



 Kwa kawaida ukurasa huu huwa na habari za miradi: visima, mizinga ya nyuki, ada za shule. Safari hii tumeona vema tuweke miradi pembeni kidogo, tukae pamoja tujipime. Swali letu ni moja: watoto na wajukuu zetu watatuhukumu vipi kwa namna kila mmoja wetu alivyoenenda wakati wa janga la ugonjwa?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitujia katika semina moja ya kamati upande wa Njombe. Siku hiyo tuliwaomba wazee wawasimulie vijana jinsi walivyokabiliana na UKIMWI katika miaka ya 1990. Wazee walieleza vizuri sana: misiba iliyofuatana, mashamba yaliyobaki bila mlimaji, mikesha ya maombi. Walipomaliza, mama mmoja kijana, mjumbe wa kamati, alisimama.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. Wakaitikia marahaba. "Mimi wakati huo nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa na cherehani. Siku ya kuanua matanga ilichukuliwa, sikuiona tena. Sitaki kugombana na mtu. Ila ninyi wazee mlikuwa mmekaa pale nje, mliiona ikipita. Mlisema nini?"

Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti akatazama saa yake, akasema muda wa chai umefika.

Tumelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Yule mama hakuuliza baba yake aliupata wapi ugonjwa, wala nani alimwambukiza nani. Hakuuliza kwa nini hapakuwa na dawa. Aliuliza kuhusu cherehani, na kuhusu watu waliokuwa wamekaa nje. Ndipo tulipotambua kwamba tunaposema "vizazi vijavyo vitatuhukumu" tunakosea kidogo. Kizazi hicho kimeshafika. Yatima wa miaka ile leo ni walimu, wauguzi, madiwani na waweka hazina wa kamati zetu. Wanatukumbuka vizuri.

SISI NASI NI WAJUKUU WA JANGA

Kabla ya kuogopa kuhukumiwa, tujiulize sisi wenyewe tunawahukumu vipi waliotutangulia. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikielekea ukingoni, homa kali ya mafua iliizunguka dunia na kuua mamilioni ya watu. Ilifika hadi kwetu. Mwezi Oktoba mwaka huo kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na von Lettow-Vorbeck kilipita Ubena, katika Njombe ya leo, kikiwa na wagonjwa, na baadhi yao kiliwaacha hapo.

Je, kuna anayemlaumu babu au bibi wa babu yake kwa kuugua homa ile? Hakuna. Kuna anayewalaumu watu wa wakati ule kwa kutojua chanzo chake? Hakuna, maana kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa mwaka 1933. Tunacholaumu ni kwamba majeshi ya pande zote mbili yalikamata wanaume kwa nguvu kuwa wapagazi na kuchukua chakula cha vijiji, hivyo ugonjwa ukawakuta watu wakiwa wamedhoofu kwa njaa. Tunachosikitikia ni kwamba majina ya majenerali tunayo, lakini jina la mwanamke aliyemchotea jirani yake maji wakati wa homa hatunalo.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, wajukuu hawamhukumu mtu kwa kuugua, wala kwa kutojua kile ambacho hakuna aliyekijua. Pili, wanamhukumu kwa alichomfanyia aliyekuwa mnyonge kuliko yeye. Tulishike jambo hili, tuje sasa kwenye janga letu wenyewe.

JINSI JANGA LILIVYOTUKUTA

Nchini kwetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Nyanda za Juu Kusini zilipata pigo kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulionyesha kwamba kati ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, wenye virusi walikuwa takriban asilimia 13 mkoani Iringa na karibu asilimia 14 mkoani Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Utafiti wa 2007-08 uliikuta Iringa ikiongoza nchi kwa karibu asilimia 16. Na ule wa 2011-12 ulionyesha karibu asilimia 15 katika Njombe, eneo lililogawanywa kutoka Iringa na kuwa mkoa mwaka 2012.

Sababu zilikuwa nyingi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma, na madereva hulala njiani. Reli ya TAZARA nayo imepita huku. Mashamba ya chai na misitu ya Mufindi yaliita vibarua kutoka mbali, wakaishi makambini bila familia zao. Vijana wa Makete walizoea kwenda mbali kutafuta maisha na kurudi nyumbani wakiugua. Tohara ya wanaume haikuwa desturi ya wenyeji wengi wa Iringa. Na juu ya yote, wanawake wengi hawakuwa na fedha yao wenyewe, hivyo hawakuwa na sauti.

Wengi wetu tunakumbuka jinsi watu walivyozungumza. Hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina lake. Tulisema "ngoma", tulisema "amekanyaga miwaya". Wanaume wengine walisema ni "ajali kazini". Tulicheka kwa sababu tuliogopa. Lakini mtoto aliyekuwa ndani akimkanda mama yake kwa maji ya moto alisikia kicheko kile kupitia dirishani, na hakujua kwamba tunaogopa. Alijua tu kwamba tunacheka.

AMBAYO HATUTADAIWA

Ni vema tuwe wakweli ili tusijibebeshe mzigo usio wetu. Mzee mmoja alituambia baada ya semina ile, "Msituonee. Sisi tulikuwa gizani." Mzee yule ana haki ya kusikilizwa. Katika miaka ya mwanzo vijiji vingi havikupata elimu sahihi. Watu waliogopa kula sahani moja na mgonjwa kwa sababu hakuna aliyefika kuwaeleza kwamba virusi haviambukizi kwa njia hiyo. Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa tarehe 31 Desemba 1999, miaka kumi na sita baada ya wagonjwa wa kwanza. Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, iliundwa mwaka 2001. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali Oktoba 2004. Kabla ya hapo zilikuwa za wenye fedha.

Kwa hiyo hakuna mtoto mwenye akili atakayemdai mzazi wake kwa nini hakumeza dawa mwaka 1995. Wala hatamdai bibi kwa nini hakuvaa glavu. Hakimu mwenye haki huuliza maswali mawili: ulijua nini, na ulikuwa na uwezo gani? Aliyejua kidogo huulizwa kidogo.

Ila maswali hayo mawili ndiyo yanayotubana sisi wengine. Kwa maana cherehani haikuhitaji elimu ya virusi. Kila aliyekaa nje alijua ni ya nani.

AMBAYO TUTADAIWA

Tumezungumza na vijana waliolelewa katika mazingira yale, sehemu mbalimbali za majimbo yetu. Hawakutupa hotuba. Walitaja vitu vidogo vidogo, na tumevipanga katika madeni manne.

1. Mali. Hili ndilo linalotajwa mara nyingi zaidi. Mume alipofariki, ndugu walikuja kuhesabu mabati, ng'ombe na mashamba. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimpa mjane nafasi finyu sana katika urithi, na wapo waliojificha nyuma yake. Lakini tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mwanamke anatambuliwa kuwa na haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi. Ni kamati ngapi za kanisa zilimsomea mjane kifungu hicho? Wengi wetu tulisema ni mambo ya ukoo, tukashika njia. Mwisho wake watoto waliacha shule, wakaenda kuchuma chai au kufanya kazi za ndani mijini, na baadhi yao wakakutana na ugonjwa uleule uliowaua wazazi wao.

2. Mlango. Watoto wanakumbuka nani aliingia ndani na nani alisimama uani akapiga hodi kwa mbali. Wanamkumbuka kiongozi wa jumuiya aliyekuja kusali akiwa mlangoni, amejifunika pua kwa leso. Wanawakumbuka pia wenzao darasani waliokatazwa kucheza nao. Somo la Mathayo 25 tunalolisoma kila mwaka halimuulizi mtu kama alijua jina la ugonjwa. Linamuuliza kama alikwenda kumtazama mgonjwa.

3. Maneno. Hapa sisi watu wa dini tuna deni letu la pekee. Zipo mimbari zilizohubiri kwamba ugonjwa ule ni mshahara wa uzinzi, huku mbele pamekaa mjane aliyeishi na mume mmoja maisha yake yote, na mtoto aliyezaliwa na virusi. Zipo parokia zilizodai cheti cha kupima kabla ya kutangaza ndoa. Nia ilikuwa njema, lakini majibu hayakutunzwa vizuri. Tangazo la ndoa liliposimamishwa ghafla, kijiji kizima kilielewa. Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inalinda siri ya majibu, lakini haki hiyo tulipaswa kuijua hata kabla ya sheria.

Na kuna maneno ambayo hatukuyasema. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Kusafiri kutafuta tumaini si kosa. Lakini miongoni mwa waliokunywa walikuwamo watu waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali, na wengine waliziacha. Viongozi wengi tulinyamaza. Tuliogopa kuonekana hatuna imani. Mtoto aliyempoteza mama yake kwa sababu hiyo atatuuliza, na hatutaweza kusema tulikuwa gizani, kwa sababu mwaka 2011 taa ilikuwa imeshawaka.

4. Picha. Deni hili ni letu, sisi tunaoandika ukurasa huu. Miaka ile tulipopeleka misaada tuliwapanga watoto kwa mstari, kila mmoja na mche wa sabuni na madaftari mawili, tukawapiga picha. Chini yake tuliandika "yatima wa UKIMWI". Tulizituma kwa wafadhili ili waone fedha imefika. Mtoto mmoja katika picha hizo leo ni mhasibu. Alituambia, kwa upole, kwamba shuleni walimwita kwa maneno yale mpaka alipomaliza darasa la saba. Baba yake alikuwa amefariki kwa ajali ya lori. Hatukuwa tumemuuliza.

Tunawaomba radhi wote tuliowafanyia hivyo. Na kwenu wafadhili tunasema wazi: msipoona tena nyuso za watoto katika taarifa zetu, msidhani kazi imesimama. Tutawaonyesha risiti, madawati na matokeo ya mitihani.

WANAOKUMBUKWA KWA WEMA

Itakuwa si haki kuorodhesha madeni tu. Vijana walewale waliotutajia cherehani na leso walitutajia pia watu ambao majina yao wanawapa watoto wao.

Wa kwanza ni bibi. Katika Makete na Njombe nzima, bibi waliokuwa wamezeeka walirudi shambani na jembe, wakalea wajukuu watano au sita. Hawakuhudhuria semina, wala hawakulipwa posho.

Wengine ni wahudumu wa majumbani. Mbeya mjini walikuwapo watu wa KIHUMBE, na vijijini walikuwapo watu wa parokia zenu, waliotembea kwa miguu na mfuko wenye sabuni, glavu na unga wa uji. Waliosha wagonjwa ambao ndugu zao walikuwa wamekimbia. Mwanzoni hawakuwa na dawa ya kuwapa. Walikuwa na maji ya uvuguvugu na muda wa kukaa. Mtoto aliyemwona mgeni akimwosha mama yake hawezi kusahau.

Wapo pia ambao wengi wetu hatukuwaheshimu. Kati ya mwaka 2000 na 2003, wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa na nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu mkoani Mbeya walikubali kufuatiliwa na watafiti. Zaidi ya nusu yao walikutwa na virusi. Miaka michache baadaye wanawake wengine wa Mbeya waliingia katika utafiti uliofanyika pia Kenya, Uganda na Thailand, wakatolewa tone la damu kidoleni mara mbili kwa wiki, ili wanasayansi waone virusi vinavyofanya mwilini katika siku za kwanza kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na yanatumika duniani kote katika kutafuta chanjo. Wanawake hao ndio tuliokuwa tukiwaonyesha kidole tukitoka kanisani. Wajukuu wa dunia nzima wana deni kwao.

Tuwakumbuke vilevile wanaume wa Iringa. Mwaka 2010, baada ya utafiti kuthibitisha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, ilifanyika kampeni mkoani humo wakati wa kipupwe. Katika wiki sita walijitokeza wanaume na wavulana zaidi ya 10,000. Babu zao hawakuwa na desturi hiyo, na mtu mzima kupanga foleni pamoja na watoto si jambo jepesi. Walivumilia aibu ndogo ili kuepusha msiba mkubwa.

Na tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima virusi hadharani jijini Dar es Salaam. Baada ya hapo tulisikia wanaume wakisema, "Kama rais amepima, mimi ni nani?" Tunalitaja hili kwa ajili ya viongozi wa kamati. Watu hutazama miguu ya kiongozi inaelekea wapi kabla hawajasikiliza mdomo wake.

KITABU CHA PILI KIMESHAFUNGULIWA

Tulidhani tungepata muda wa kulipa madeni ya janga la kwanza kabla ya jingine kuja. Haikuwa hivyo. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Shule zilifungwa, na wanafunzi wengi walibaki nyumbani hadi tarehe 29 Juni. Baada ya Aprili mwaka huo takwimu za ugonjwa hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Matokeo yake ni kwamba kila nyumba, kila parokia na kila mtu alilazimika kuamua mwenyewe ataenendaje.

Watoto waliokuwa na miaka tisa wakati huo sasa wako sekondari. Tumewauliza wanakumbuka nini. Wanakumbuka ndoo za maji zenye koki mlangoni mwa kanisa, na siku zilipokauka bila mtu wa kuzijaza. Wanakumbuka kupiga nyungu chini ya blanketi. Wanakumbuka mwalimu aliyevaa barakoa akachekwa na walimu wenzake. Wanakumbuka mapema mwaka 2021, matangazo ya misiba yakisema marehemu alikuwa na "changamoto ya upumuaji", na watu wazima wakitazamana bila kuuliza. Msichana mmoja alisema, "Babu alitaka kukaa nyumbani asiende kwenye mikusanyiko, wakamwambia ana woga. Akaenda."

Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021. Wapo waliochanja wakatangaza, ili wenzao wapate moyo. Wapo waliochanja kwa siri, na hadharani wakaendelea kuwatisha wengine. Tusiwe wepesi wa kumlaumu aliyeogopa sindano. Woga hutibiwa kwa maelezo. Lakini mtu aliyejikinga mwenyewe huku akimzuia jirani yake asijikinge, huyo atajibu nini mbele ya watoto wa jirani?

Mnaona kwamba maswali ni yaleyale. Ugonjwa ulibadilika, njia ya kuambukiza ilibadilika, lakini mtoto aliyeko dirishani anaangalia mambo yaleyale: nani alisema kweli, nani alikuja, nani alimwacha mzee peke yake, nani alinufaika.

DENI LA LEO

Mtu anaweza kusema haya yote yamepita. Hayajapita. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi nchini huanzishiwa dawa mara moja, na anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Hii ni neema ambayo wagonjwa wa 1995 hawakuiota. Lakini huduma hizi zilitegemea sana misaada ya nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa siku 90 ili kuipitia upya, na baada ya hapo shirika lake la misaada, USAID, lilifungwa. Katika mikoa yetu wapo wahudumu waliopoteza kazi zao na wagonjwa waliopatwa na hofu.

Kwa hiyo kamati ya mwaka huu ndiyo itakayoulizwa mwaka 2050. Tunapendekeza hatua tano ambazo hazihitaji kusubiri fedha kutoka nje:

Kwanza, kila kigango kiwajue kwa siri na kwa hiari yao wale wanaohitaji nauli ya kufika kliniki, na mfuko wa huruma uwasaidie. Jina lisiandikwe katika daftari linaloachwa mezani.

Pili, anapofariki mwenye nyumba, wajumbe wawili wa kamati, mmoja wao mwanamke, wawepo siku ya kuanua matanga. Wasaidie kuandika mali za marehemu mbele ya mjane, watoto na mwenyekiti wa kitongoji, na karatasi itiwe sahihi.

Tatu, tangazo lolote la afya lisisomwe kanisani kabla ya kuulizwa mganga wa zahanati. Na tukikosea, tusahihishe mahali palepale tulipokosea, kwa sauti ileile.

Nne, tuandike majina. Kila parokia iwe na daftari la waliohudumia wagonjwa katika miaka ya UKIMWI na ya korona. Wengi wao ni wazee sasa. Tusiwaache wapotee kama yule mwanamke wa 1918.

Tano, pale tulipokosa tukiri. Tuna habari moja ya kuwaambia hapa. Miezi kadhaa baada ya semina tuliyoitaja mwanzoni, mzee mmoja wa kamati ile alikwenda nyumbani kwa yule mama kijana. Hakupeleka cherehani, maana hajui iliishia wapi. Alimwambia, "Mwanangu, nilikuwepo. Niliiona ikipita. Niliogopa ukoo wa baba yako, nikanyamaza." Yule mama alitusimulia kwamba walikaa kimya kwa muda, kisha akampikia chai. Alituambia hakuwa amesubiri cherehani kwa miaka yote hiyo. Alikuwa amesubiri mtu mzima mmoja aseme kwamba aliiona.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika kijiji chetu, ni mjane au yatima gani alinyang'anywa mali huku sisi tukiona? Je, bado kuna kinachoweza kurudishwa?

2. Wakati wa korona, ni nani katika jumuiya yetu alibaki peke yake? Ni nani alimtembelea, na kwa njia gani?

3. Ni neno gani tulilisema kanisani juu ya wagonjwa ambalo tungependa kulifuta? Tutalisahihisha vipi?

4. Mtoto wa miaka tisa anayetutazama mwaka huu ataeleza nini juu ya kamati hii akiwa na miaka thelathini na tano?

Tunawaomba mkae na maswali haya katika kikao kimoja kizima, bila ajenda nyingine, na muwaalike vijana. Mtuandikie mliyoyapata. Na kijana akiuliza swali gumu, tunamwomba mwenyekiti asitazame saa. Chai inaweza kusubiri.

Ni sisi watumishi wenzenu.